Msiionee Mashine ya Fotokopi

Wanaoilaumu mashine ya fotokopi ya ofisi yetu hapa Matemwe hawana shukurani. Ndiye mtumishi pekee ambaye hajawahi kuchelewa wala kuaga kwenda mazikoni. Ikimeza karatasi, inatufunza subira: fungua ubavuni, vuta trei, zungusha roli taratibu, chomoa kipande chenye nusu ya uso wa mwenye kitambulisho, funga, washa. Inameza tena.

Wajuaji wanadai karatasi zinanyonya unyevu wa bahari kwa sababu rimu limeachwa wazi dirishani tangu masika. Fitina tupu! Tukilifunga kwenye mfuko wa nailoni, asubuhi nzima tutafanya kazi gani?

Mashine ya fotokopi ya Xerox 914, iliyotoka Marekani mwaka 1959, iliweza kushika moto karatasi ikikwama, hata ikaletwa pamoja na kizimamoto chake. Yetu ina adabu, haiunguzi kitu. Kizimamoto tunacho pia, kinazuia mlango usijifunge.

Na yule mwananchi aliyesimama dirishani na kitambulisho chake halisi mkononi, asubiri. Bila ya kopi, tutajuaje kuwa ni yeye?