Zulia jeupe na hindi la Julai

Niko kwenye ngazi za ploti yetu hapa Umoja, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, natafuna hindi la kuchoma. Jirani anayepita ananiuliza kama nimefungiwa nje. Namwambia la, mlango uko wazi, ila kwangu siku hizi hakuliwi mahindi. Ananipa pole ile ya mtu aliyefiwa, anapanda zake.

Lawama zote nazielekeza kwa bafu la jirani wa juu. Mwezi wa pili ukuta wetu wa sebuleni ulianza kutota, na doa likakua hadi likawa na umbo la Afrika, Madagaska yake kando. Keateka alikuja, akalitazama, akalibonyeza kwa kidole, akasema atamwambia landilodi. Nadhani bado anatafuta maneno. Mama Watoto hakungoja. Alishuka mjini, akarudi na karatasi ya kubandika ukutani yenye mchoro wa matofali meupe, na kufikia jioni Afrika ilikuwa imefichwa. Imefichwa pamoja na ile rangi ya nyumba za kupanga za Eastlands: maziwa juu, kahawia ya mafuta chini, ili mikono ya watoto isionekane.

Ningejua, ningeiacha Afrika ijitawale.

Maana ukuta ulipopendeza, viti viliona haya. Vikashonewa kitambaa kipya cha kijivu. Kijivu, nikaambiwa, hakipatani na pazia la maua, pazia likaenda. Ukaja utepe wa taa nyuma ya televisheni, unaobadilika rangi wenyewe, na sasa natazama taarifa ya habari nikiwa wa zambarau. Vile vitambaa kumi na viwili vya kochi alivyofuma mama mkwe kwa mkono wake, vilivyokaa migongoni mwa viti tangu tuoane, vilikunjwa vikatiwa sandukuni. Hutoka tu mwenyewe akipiga simu kwamba amefika Mlolongo. Kutoka hapo hadi mlangoni petu, kwa msongamano wa Outer Ring, tuna muda wa kutosha kuvitandika vyote na kukaa kama watu wasio na hatia.

Kisha ukaja mkeka wa mbao. Kama huishi Kenya, nikueleze: ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao, huuzwa kwa mita, na hutandikwa nyumba nzima. Mkeka si mkeka, mbao si mbao. Neno la kweli hapo ni "wa" tu. Fundi alitaka pesa ya kuutandika. Nikasema hela hizo zibaki, mimi nina kisu na magoti. Nikautandika vizuri kabisa, isipokuwa mlango ulikataa kufunguka. Nikaazima msumeno, nikapunguza mlango chini. Nilikusudia unene wa kidole kimoja, nikakata vidole vitatu.

Hiyo ilikuwa Mei. Sasa ni Julai, na baridi inapita chini ya mlango bila kubisha hodi.

Watu wa Pwani hutucheka tukivaa makoti hapa karibu na ikweta. Waje. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai mawingu hulifunika jua siku tatu mfululizo kama mtu anayedaiwa. Lakini Julai ina raha zake, nami nilizijua mapema. Nimekulia Kaloleni, katika zile nyumba za baraza la jiji zilizojengwa miaka ya 1940. Pambo letu ukutani lilikuwa kalenda ya duka. Mwaka ukiisha haikubanduliwa, mpya ilipigiliwa juu yake. Jioni jiko liliwashwa nje na kupepewa kwa kipande cha katoni. Mama aligeuza mahindi kwa vidole vitupu, punje zikipasuka moja moja, kisha akapaka kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi na pilipili. La kwanza lilikuwa la baba. La mwisho, lililoungua upande mmoja, lilikuwa langu, na hadi leo hindi lisiloungua upande mmoja naona limepungukiwa.

Hata Umoja hii, ilipojengwa miaka ya 1970 kwa fedha za mkopo wa Wamarekani, ilikuwa ya nyumba za chini, na mtu alikuwa na mahali pa kuweka jiko lake. Sasa ghorofa zimepandana, na uwanja wangu ni kamba ya nguo.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mama Watoto alienda matangani mashambani, siku mbili. Nilinunua mahindi manne soko la Mutindwa na mkebe wa makaa, nikalitoa chini ya sinki jiko letu la Kamukunji, lile la bati lenye udongo ndani. Dirisha nililifungua lote. Makaa katika nyumba iliyofungwa huua watu kila msimu wa baridi, na sikutaka kuzikwa kwa sababu ya hindi. Kwa hiyo baridi iliingia dirishani, ikaingia mlangoni, nami katikati nikichoma. Nilikuwa na furaha sana.

Kaa moja likaruka. Dogo, ukubwa wa njugu. Mbao ya kweli ingefanya alama nyeusi tu. Hii yetu ilijikunja, ikanuka kama kiatu kwenye moto, ikaacha tundu la kutosha shilingi kumi.

Nikavuta zulia jeupe la manyoya, lifunike tundu. Zulia likawa upande, nikasogeza meza ilifuate. Meza ikaziba njia, nikahamisha kochi kubwa chini ya dirisha. Televisheni ikawa inatazamana na jikoni, nikaigeuza. Saa sita usiku sebule nzima ilikuwa imepangwa upya kulizunguka tundu moja.

Mama Watoto aliporudi alisimama mlangoni na mkoba begani, akatazama muda mrefu. Nilitayarisha toba.

"Baba Watoto," akasema, "kumbe una jicho!"

Tangu siku hiyo naulizwa maoni kuhusu mito ya viti. Ila mahindi bado ni marufuku, kwani punje ikizama katika yale manyoya huioni tena hadi uikanyage usiku kwa mguu mtupu. Ndiyo maana niko ngazini.

Ubaya ni kwamba amewasifia chama chake mpangilio wangu, na Jumapili wanakuja, wanawake kumi na wanne, kuuona. Nawajua. Mmoja wao hawezi kuona zulia asiinue ukingo ahesabu nyuzi na kuuliza bei. Mke wangu hasomi safu hii, anasema ina maneno mengi. Lakini wewe mama unayeinua mazulia ya watu, kama unasoma: keti kwenye kochi chini ya dirisha, kunywa chai, na bei nitakutajia mimi mwenyewe.