Pazia la Shofa

Wiki hii mtaa wote wa Birere, hapa Goma, umepata adui mpya: lile pazia la kung'aa ambalo wenye magari hulitandaza nyuma ya kioo cha mbele wakiegesha juani. Kijiweni kwa Mama Sambaza kesi ilianza kabla chai haijachemka.

SHOFA: Nimeliweka saa nne. Kurudi saa saba, kioo kina ufa toka huku hadi kule! Pazia limekichoma.

CHUKUDU: Na kile kidonda ulichokifunika kwa kibandiko cha timu yako tangu Noeli?

SHOFA: Kile ni cha jiwe, njia ya Sake.

CHUKUDU: Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji 2002, na mpaka leo malori yanatugawia mawe yake. Wewe la kwako umelipokea, ukalibandikia timu.

PAPA FUNDI: Pazia linarudisha mwanga, lakini joto jingine linabaki kati yake na kioo. Kioo kizima kinavumilia. Chenye kidonda, katikati kinapata moto, pembeni chini ya mpira kinabaki baridi, basi kinapasukia palepale. Ulikimwagia maji?

SHOFA: Kidogo tu. Vumbi lilizidi.

PAPA FUNDI: Haya.

MWALIMU: Msicheke. London, 2013, jengo refu lenye ukuta wa vioo uliobonyea lilikusanya miale ya jua, likayeyusha sehemu za Jaguar iliyoegeshwa barabarani. Wenye jengo walilipa matengenezo.

SHOFA: Mmesikia? Mimi nani atanilipa?

CHUKUDU: Nyiragongo. Peleka fakitire juu mlimani.

MAMA SAMBAZA: Akishalipwa, anilipe na mimi samaki wa mwezi uliopita.

SHOFA: Mama, tunazungumza vioo!

MOTARI: Mungu amemwona. Alinibana pale Rond-point, akaniambia pikipiki si chombo.

SHOFA: Na chukudu yako ya mbao je? Haina hata kioo!

CHUKUDU: Kioo changu ni kope. Lakini wewe, tablo ya gari unaitafutia kivuli, abiria unawapakia wanne nyuma na wawili mbele, madirisha hayashuki. Plastiki ndiyo unayoihurumia?

Papa Fundi alitaka kueleza hatari ya kiberiti cha gesi kuachwa juu ya tablo; hakuna aliyemsikiliza, Motari na Shofa walikuwa wameshashikana mashati.

Kiangazi cha Juni kinakuja. Mwenye kidonda kwenye kioo amwone fundi sasa, pazia aliache lifanye kazi yake. Na mkimkuta Shofa njiani, mwambieni kwamba Mama Sambaza hajasahau deni.