Gorogoro, Fahali wa Ziwa

Kwetu Oyugis, ohangla ikinoga, mtu husimama, hutoa noti, na wapigaji hunyamaza ili ajimwagie sifa. Ndiyo pakruok. Nimewasikia watu wakijisifu kwa ng'ombe wasiowahi kuwachunga na kwa ushujaa ambao hata mbwa wao hana habari nao. Basi leo wapigaji wanyamaze kidogo, noti ninayo. Wala sijisifu mimi. Nasimama kwa ajili ya gorogoro.

Asiyeijua gorogoro hajawahi kununua maharagwe Nyanza. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao mafuta yake yamekwisha, na badala ya kutupwa, ukapandishwa cheo sokoni. Gunia la mahindi hupimwa gorogoro kwa gorogoro, na bei ya gorogoro moja ndiyo habari ya uchumi tunayoielewa bila kufafanuliwa na mtu mwenye tai. Sheria ya Kenya ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, haiitambui. Gorogoro haijanung'unika. Wapo wauzaji wanaoligonga tako lake likaingia ndani ili mnunuzi apunjwe, lakini hiyo ni dhambi ya nyundo. Mkebe ulibonyezwa tu, tena bila kuulizwa.

Sifa zake nyingine nilizijua tulipohama Bukoba, Tanzania, kurudi Oyugis na watoto watatu: mapacha wa miaka mitano na kitinda mimba wa miaka mitatu. Vitanda na makochi tulivipakia kwenye lori lililozunguka ziwa kwa barabara. Sisi tungevuka usiku kwa meli hadi Mwanza, kisha basi hadi mpakani Sirari. Baba watoto ndiye aliyeamua. Wanawe hutapika ndani ya gari kabla halijatoka stendi, akatuhakikishia kuwa melini hawatatapika kwa sababu ziwa halina matuta.

Nilijiandaa kama mtu anayehamia mwezini. Nilinunua poti la plastiki lenye sura ya bata, dawa ya kichefuchefu, vitambaa vyenye marashi vya kupangusia mikono, na nikajaza katuni kwenye tableti. Gorogoro haikuwamo kwenye orodha. Ilipanda meli kwa sababu moja tu: ilikuwa imejaa senene wa kukaanga, zawadi ya kumpelekea mama mkwe Oyugis, maana huwezi kukaa Bukoba miaka sita ukarudi bila senene.

Bata alikuwa wa kwanza kutuangusha. Tulipofika bandarini tukakumbuka kwamba yuko ndani ya lori, chini ya godoro, akielekea Biharamulo. Tableti ilizima kabla hatujafika bandari ya Kemondo. Dawa ya kichefuchefu ilitapikwa. Senene nao waliisha. Baba watoto alianza kwa kuonja chumvi, akaendelea kuionja hadi akafika chini, akanikabidhi mkebe mtupu kwa heshima zote.

Hapo ndipo utukufu wa gorogoro ulipoanza. Kemondo ikabaki nyuma, taa za pwani zikapungua, na ziwa likatuonyesha kwamba matuta linayo, tena yake yanatembea. Pacha wa kwanza akaita. Gorogoro ikafika. Pacha wa pili akaona asipitwe. Gorogoro ikamwagwa, ikasuuzwa, ikarudi kwenye zamu. Nataka niseme jambo kuhusu mdomo wake: ni mpana kiasi cha kumpokea mtoto anayelia bila kulenga, na kingo zake zimekunjwa vizuri, hazikati shavu. Mfuko wa karatasi ungekuwa umelegea zamani. Mifuko ya plastiki nilikuwa nimeshazoea kutoitamani, kwani Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019.

Saa nane usiku kitinda mimba akatangaza haja. Choo kilikuwapo, tena si mbali, ila mtoto wa miaka mitatu hatoi notisi. Anakujulisha jambo ambalo limekwisha kuanza. Chini yetu kulikuwa na ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na maji yote hayo hayakuwa na msaada wowote. Tulichohitaji ni lita mbili na kidogo, zenye ukuta imara.

Kuna wakati kimya kiliingia, mwendo wa kuikaribia Mwanza, na watu wazima wakawa macho bila kuzungumza. Njia hiyo ndiyo meli ya MV Bukoba iliyopita tarehe 21 Mei 1996, ikazama na mamia ya watu ikiwa imebakiza safari fupi. Hakuna aliyeitaja. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi aliwatazama watoto wangu, akaiomba gorogoro, ikiwa safi wakati huo, akaigeuza na kuipiga kama ngoma kwa vidole viwili, polepole, mpaka wote watatu wakalala. Sijui ni mkebe gani mwingine duniani ungekabidhiwa kazi zote hizo kwa usiku mmoja.

Asubuhi, basini, gorogoro ilikuwa kiti cha pacha mmoja kwenye ujia. Bunda ilipita, daraja la Kirumi likapita. Mpakani afisa mmoja alichungulia ndani yake, akauliza imebeba nini. Baba watoto akajibu, "Historia." Afisa akavuta pumzi mara moja tu, akaturuhusu tuendelee. Migori, Awendo, Rongo, Kisii, nayo miguuni pangu, haina hata kifuniko cha kujifichia.

Tulipofika Oyugis niliisugua kwa majivu, nikaisugua kwa sabuni, nikaichemshia maji, nikaianika juani kutwa nzima. Nilikusudia kuipa kazi ya kustaafia, labda kupandia maua. Nikatoka kwenda kulipokea lori lililomleta bata, mzima, mkavu, hajawahi kufanya kazi siku moja.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi kivulini na gunia la maharagwe, akipima ya nyoyo, ya kuchemshwa pamoja na mahindi.

"Mmefanya vyema kuniletea gorogoro," alisema. "Yangu ilitoboka. Hii ina tako la haki, na bado inanukia senene."

Nikamtazama baba watoto. Baba watoto akautazama mwembe.

"Asante, Mama," nikasema.

Mama mkwe akaijaza maharagwe hadi kilele, akaiweka chini kati ya miguu yake. Kitinda mimba akatokea jikoni, akaiona, uso ukamng'aa kama aliyemwona rafiki wa safari. Akaja mbio, akivua suruali.