Ombi la Cheti cha Mlaji Huru: Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani.

Yah: OMBI LA CHETI CHA MLAJI HURU

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mtu mzima mwenye akili timamu, na kila jioni hujichagulia chakula bila kushikiwa bunduki. Nimeisoma Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hiyo iliyowazaa ninyi, nikafurahi kukuta kwamba mlaji analindwa. Hivyo naomba Tume inipatie cheti, chenye muhuri na picha yangu ya pasipoti, kuthibitisha kwamba ninachokula nimekichagua mwenyewe. Nikikipata nitakitundika ukutani sebuleni, pembeni ya kalenda niliyopewa na kampuni ya unga.

Ili kuwarahisishia kazi nawasilisha kielelezo kimoja: chipsi mayai. Sikuleta baga wala pizza, msije mkasema nimewatega. Nimeleta chakula cha kwetu cha barabarani, kinachokaangwa na kijana asiye na bosi wala hisa, mwenye kikaango, jiko la mkaa na kabati la kioo lenye taa. Kama kuna sahani ambayo makampuni makubwa hayajaigusa, bila shaka ni hii.

Mkaguzi wenu aanze na mayai. Kijana hununua trei kwa mama mfugaji wa Chanika, na mama ana banda lake, maranda yake na daftari lake la mahesabu. Ila kuku wake ni wa kisasa, na ukiuliza ukoo wao utavuka bahari. Kuku wa mayai wa kisasa duniani, kwa sehemu kubwa, wametokana na makampuni mawili, EW Group ya Ujerumani na Hendrix Genetics ya Uholanzi. Hao ndio wanaowashika mababu na mabibi. Huku tunaletewa wazazi, tunatotolesha, tunauza vifaranga vya siku moja, tunaitana wafugaji. Mama wa Chanika ana uhuru wote wa kumpa kuku wake jina analotaka. Asicho nacho ni uwezo wa kubakiza mayai akatotolesha kizazi kingine chenye utagaji ule ule, kwa hiyo kuku wakizeeka anarudi foleni ya vifaranga. Mtaniambia makampuni mawili tayari ni ushindani. Kweli kabisa, mawili ni mengi kuliko moja.

Kwenye mafuta ndipo penye utamu. Kijana wa chipsi ananunua dumu zima, lakini sisi wengine tunakwenda dukani kwa Mangi kuchukua mafuta ya kupima. Mangi anainamisha dumu la njano la lita ishirini, mafuta yanajaa kwenye kikopo cha plastiki hadi ukingoni, halafu anapangusa mdomo wa dumu kwa kidole gumba na kidole anakipangusa kwenye suruali. Kikopo hakina nembo. Mteja wa mafuta ya mia tano hapati hata heshima ya kuijua kampuni inayomlisha. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta tunayopikia nchini yametoka nje, mengi yakiwa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Sasa mchikichi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, asili yake ni Afrika Magharibi, na Kigoma wanakamua mawese tangu zamani. Mashamba makubwa ya Asia chimbuko lake ni miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Miche minne! Leo wajukuu wake wanatia nanga bandarini kwetu kwa meli, na sisi tunawalipia ushuru wa forodha kama wageni.

Najua mtanielekeza kwenye alizeti ya Singida. Ipo, na harufu yake naipenda. Lakini mkulima wa alizeti hupanda kwanza, kisha akasubiri bajeti ya Juni imwambie mafuta ya nje yatatozwa kiasi gani, ndipo ajue kama jasho lake lina bei. Sijui kama huo nao mnauita ushindani au mnauita bahati nasibu.

Baada ya kuyaona haya niliamua kuhamia kwenye ugali, tena si wa dukani. Nina mjomba Mbozi, ananitumia gunia kwa basi, nasaga kwenye mashine ya mtaani. Halina nembo, halina kiwanda, halina tangazo la redio. Nilimpigia simu kumshukuru kwa kunikomboa, na katika mazungumzo nikamuuliza amepanda mbegu gani.

“DK, mjomba,” akasema. “Ulitaka nipande ya kienyeji nivune magunia mangapi?”

DK ni Dekalb, mbegu iliyokuwa ya Monsanto hadi Bayer ya Ujerumani ilipoinunua kampuni yote mwaka 2018, kwa zaidi ya dola bilioni 60. Ni chotara, ukirudia kupanda mavuno yanashuka, kwa hiyo kila msimu mjomba anarudi duka la pembejeo. Roundup anayopulizia magugu ni ya hao hao. Na kichwa kikimuuma kwa kupiga hesabu za pembejeo, aspirini nayo ilianzia kwao. Mbolea akiweka ya Yara, mwenye hisa nyingi kuliko wote humo ni serikali ya Norway, kwa hiyo mvua ikinyesha vizuri Mbozi, kuna hazina huko Oslo inayochekelea. Wala simcheki mjomba. Ana watoto shuleni, na magunia ndiyo ada. Kumwambia arudi kwenye mbegu ya babu ili mimi wa mjini nijisikie huru ni ubinafsi uliovaa kanzu.

Sukari ya chai nitaipita haraka: ile ya Kilombero, hisa nyingi ziko mikononi mwa kundi la Associated British Foods la London, ambao pia wanauza chai ya Twinings na nguo za Primark. Na msidhani nina chuki na wageni tu. Mzawa naye anaweza kunikamata vizuri: naweza kula chapati ya unga wa Azam, nikavuka kwenda Unguja na boti ya Azam, nikanywa juisi ya Azam huku nikiiangalia Azam FC kwenye Azam TV. Hakuna sheria iliyovunjwa, na unga ni mzuri. Nauliza tu kama kubadilisha stesheni kunahesabika kuwa ni kubadilisha mlo.

Wazee wenzangu watasema dawa ni serikali ishike vinu. Ilishavishika. Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilipokuwa ndilo baba wa unga, ukame ulituletea mahindi ya njano ya Marekani, watu wakauita ule unga, kwa rangi yake, “unga wa Yanga”, na mashabiki wa Simba waliula vilevile.

Limebaki jiko la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Moshi unaua na misitu inakwisha, sipingi. Ila mkaa nilikuwa namjua muuzaji tu, na mtungi wa gesi una rangi ya kampuni. Naomba Tume izingatie kwamba moto ndio uliokuwa sehemu pekee ya sahani yangu isiyokuwa na nembo.

Kwa hayo, ombi langu lina kipengele kimoja kigumu. Tume hupima soko pale bidhaa zinapogombania rafu. Soko langu mimi linafungwa mapema zaidi, kwenye mbegu, kwenye kifaranga na kwenye kibali cha meli, na hadi nifike kwa Mangi kilichobaki ni kuchagua rangi ya mfuko. Mkaguzi atakayekuja aje na mamlaka ya kufika huko. Kama hana, atoe cheti hivyo hivyo, ila kwenye nafasi ya jina la mlaji huru aandike la mama wa Chanika. Yeye angalau anajua bei ya kifaranga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mlaji, Dar es Salaam.

Nakala: Mjomba, Mbozi.
Nakala: Kijana wa chipsi (aongeze kachumbari, nyanya ni F1, chotara nazo, nimeshauliza).