Heko, S ya Nafsi ya Tatu

Sijamwona bado aliyeitungia sifa S ile inayobandikwa mwisho wa kitenzi cha Kiingereza, na huo ni utovu wa shukrani. Mimi, wewe, sisi, ninyi, wao: kwa wote hao kitenzi kimetulia, "go" ni "go", hakimsumbui mtu. Anapotajwa yule mmoja asiyekuwapo barazani, yule anayesengenywa, ghafla inakuwa "she goes". Wote tuliopo hatustahili pambo. Anastahili yeye tu, na ni kwa wakati uliopo tu. Kwa herufi hiyo moja, madaftari ya watoto kuanzia Kigoma hadi Lamu yamepakwa wino mwekundu kizazi baada ya kizazi.

Kwanza niisifu kwa uvivu wake. Sisi tumezoea viambishi vinavyofanya kazi. Ukisema "vimevunjika", hata kabla hujataja kitu, msikilizaji keshajua kwamba si watu wala si miti, na kwamba ni zaidi ya kimoja. Macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye viti au vikombe. S haijichoshi hivyo. Kiingereza kinalazimisha kiima kitajwe, na kikishatajwa, S inakuja nyuma yake kurudia habari ambayo kila mtu anayo. Ing'oe. Sema "she go to the market", na muuza nyanya wa London ataelewa kwamba huyo mama huenda sokoni. Hicho ni cheo kisicho na majukumu, na wenye vyeo vya aina hiyo tunajua wanavyosimamiwa wakipita.

Halafu uone maarifa yake. Kwenye nomino, S ni alama ya wingi. Kwenye kitenzi, S hiyohiyo ni alama ya umoja. "Dogs bark", "the dog barks": mbwa wakiwa wengi inakaa kwa mbwa, akibaki mmoja inahamia kwenye kubweka. Kwa "can", "must" na "may" haikanyagi kabisa. Likija swali, inaacha kitenzi na kurukia "does". Mwanafunzi anayeandika "does she goes" hajakosa adabu, ni ukarimu tu, kampa kila mmoja fungu lake. Mwalimu hapendi ukarimu.

Mtego wake ninaouhusudu zaidi ni ule wa jirani. Sanduku la maembe limefika: kwetu hakuna anayebabaika, maana "la" na "li" zimeshikana mkono toka mwanzo. Kwa Kiingereza, "the box of mangoes" inakuachia maembe mengi yamekaa ubavuni mwa kitenzi, yanakukonyeza uandike "are". Ukiyasikiliza umekwisha. Inakubidi urudi nyuma ukamtafute mwenye sentensi, naye ni sanduku, tena limejikalia kimya. Ukishaujua huo, unaletewa "everybody", ambamo umati wa uwanja mzima unahesabiwa kama mtu mmoja, halafu "news", yenye S yake mwenyewe lakini ni umoja, na "police", isiyo na S wala haya, ambayo ni wingi. Mpira nao una yake. Mtangazaji wa Uingereza husema "Arsenal are", Mmarekani hupenda "Arsenal is", na kijana wetu anayejifunzia yai kwenye Ligi Kuu ya Uingereza anakatwa maksi na mwalimu anayefuata kitabu cha upande wa pili.

Na msidhani ni taabu ya wageni peke yetu. Mwaka 1973, Roger Brown wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kuhusu watoto watatu wa Kimarekani aliowafuatilia wakijifunza lugha yao ya mama. Alipanga viambishi na maneno madogo 14 kwa mfuatano ambao watoto huyamudu. S ya wingi ilikuja mapema, ya nne. S yetu tukufu ilishika nafasi ya kumi. Mtoto aliyezaliwa humohumo naye huikawia.

Ukoo wake ndio unaonichekesha. Zamani Waingereza wa kusini walimalizia kitenzi hicho kwa "th". S ilikuwa mazungumzo ya watu wa kaskazini. Ikateremka polepole hadi London. Shakespeare alizitumia zote mbili. Biblia ya Mfalme James ya 1611 ilishikilia "th", lakini mitaani vita vilikuwa vinaelekea kwisha. Leo "th" imebaki kwenye sala za kale, na ile S ya kaskazini ndiyo ya Kiingereza sanifu. Imekuja mjini, imemfukuza mwenyeji, na sasa ndiyo inayotuuliza sisi tumetoka wapi.

Maana hiyo ndiyo kazi yake, na hapo ndipo uvivu wote ninapousamehe. Katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza, watu wengi husema "she go" kama walivyosema mababu zao. Mwanaisimu Peter Trudgill aliwarekodi, na mwaka 1974 akatoa takwimu zake. Kwa tabaka la kati alilolipima juu ya wote, S haikukosekana hata mara moja. Kwa tabaka la chini kabisa la wafanyakazi, iliachwa mara 97 katika kila 100. Hao ni Waingereza kwa Waingereza, wamezaliwa mji mmoja, na wanaelewana bila mkalimani. S haikuongeza chembe ya maana katika maongezi yao. Ilichofanya ni kutangaza nani kalala katika nyumba gani. Askari wa getini wa namna hii, asiyelinda chochote ila anajua kumtazama mtu viatu, utampata wapi kwa bei ya herufi moja?

Kwa hiyo wewe unayeandika barua ya kuomba kazi usiku huu, kwa Kimombo chako cha kuombea maji, mtafute mwenye sentensi, hakikisha yuko peke yake, kisha bandika S. Atakayeisoma angekuelewa hata bila hiyo, lakini simu asingekupigia.