Waraka kwa Wabunifu wa Vifaa Vyetu vya Bei Nafuu

Waheshimiwa wahandisi na wabunifu,

Salaamu nyingi kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Ama baada ya salaamu, madhumuni ya waraka huu ni kutaka kujua hali zenu huko Shenzhen, California na kwingineko mnakochorea taa za sola, redio na chaja tunazouziwa huku. Sisi ni wazima wa afya. Hofu na mashaka ni juu ya vifaa vyenu, ambavyo baadhi yake viko mbele yangu mezani vimelala chali.

Nianze na shukrani, maana si uungwana kuanza na lawama. Taa ya sola imeifukuza koroboi katika nyumba nyingi ambazo nguzo ya umeme haijazifikia, na imeifukuza kwa sababu kubwa moja: bei. Bei hiyo haikushuka kwa dua. Mtu alikaa akahesabu. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki huweza kula maelfu ya dola kabla halijatoka ganda hata moja, kwa hiyo maganda mawili yakichorwa upya yakawa moja, hapo mmeokoa. Kila skrubu ni sekunde za mkono wa kibarua. Kila aina ya rezista hudai nafasi yake kwenye mashine inayopanga vipande juu ya bodi, basi mbunifu mwerevu mwenye aina tisa huzipunguza zikawa nne, na saketi ikafanya kazi ileile. Boksi likipungua unene wa kidole, kontena la futi 40 linameza taa nyingi zaidi kwa nauli ileile. Senti moja ikikatwa kwenye kifaa kitakachotengenezwa mara milioni, hizo ni dola 10,000. Kwa kazi hiyo nawavulia kofia bila kejeli. Kejeli inaanza aya inayofuata.

Bila shaka mnamjua Earl Muntz, Mmarekani aliyeuza magari kwanza, kisha akaingia kwenye televisheni mwishoni mwa miaka ya 1940. Inasimuliwa kwamba alitembea na koleo ya kukatia waya. Akimkuta mhandisi wake amechora saketi nono, alikata kipande kimoja, halafu kingine, halafu kingine, mpaka picha ikapotea kiooni. Hapo alimwambia mhandisi arudishe kile cha mwisho. Televisheni zake zilikuwa rahisi kuliko za wenzake, na ziliuzika. Kwa watu wa mbali na mnara zilikuwa dhaifu, lakini Muntz alilijua hilo. Aliwalenga watu wa mjini, waliokaa karibu na mitambo ya matangazo.

Ninyi mmerithi koleo yake. Sijui kama mmerithi na swali lake la pili, kwamba mteja anakaa wapi. Mnakata, mnawasha, inawaka, mnakata tena. Lakini meza mnayojaribia iko kwenye chumba chenye kiyoyozi na umeme usiotikisika.

Karibuni huku. Umeme wetu kwa maandishi ni volti 230. Kwa vitendo, nyumba ya mwisho kwenye laini huona balbu ikiiva wekundu saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unatazama taarifa ya habari, na umeme uliokatika ukirudi haupigi hodi. Ndiyo maana maduka yetu ya friji huuza na stabilaiza. Sasa nikifungua chaja yenu, mahali pa fyuzi nakuta kipande cha waya. Alama ya fyuzi mmeiacha imechapwa kwenye bodi, na kwa ukweli huo ahsanteni sana: angalau najua kwamba mhandisi aliiweka na mhasibu akaitoa.

Halafu kuna joto. Kapasita ile ya kikopo mnayopenda kuitumia imeandikwa nyuzi 85, na karatasi yake ya maelezo huahidi, tuseme, saa 2,000 kwenye joto hilo. Saa 2,000 hazifiki hata miezi mitatu. Kanuni tunayoitumia sote ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, umri wa kapasita hiyo huongezeka maradufu. Iweke basi kwenye nyuzi 65, ndani ya ganda lisilo na tundu la kupumulia, kwenye nyumba ya bati: itapata saa 8,000, na kwa kifaa kisichozimwa mwaka haujatimia. Ndugu yake wa nyuzi 105, mwenye ahadi ya saa hizohizo 2,000, mahali palepale angeishi saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti ya bei kati ya ndugu hawa wawili hainunui hata kashata. Najua, mkiizidisha kwa milioni inanunua. Ila muuza samaki ambaye chaja yake imekufa haendi kulipa bei ya kapasita. Analipa bei ya chaja nzima, na nauli ya daladala juu yake. Senti mliyoikata haikupotea, waheshimiwa. Ilipanda meli, ikanenepa njiani, ikashukia kwake.

Betri ndicho kipande ambacho ninyi na mimi tunajua kitakufa mapema. Na ndicho mlichokificha ndani zaidi. Ganda limeunganishwa kwa mtetemo wa sauti, skrubu hakuna, waya zimechomelewa moja kwa moja badala ya kuwekewa kichwa cha kuchomeka na kuchomoa. Ili nibadilishe betri, nalazimika kulipasua ganda kama dafu, kisha nalirudisha kwa gundi na kipande cha tyubu ya baiskeli, na mteja ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelichora. Jibu lenu nalijua: ganda la namna hiyo haliingizi maji wala vumbi, na kiwandani hufungwa kwa muda wa kupepesa jicho. Ni kweli. Lakini tochi za wazamiaji hufungwa kwa pete ya mpira, zinashuka baharini, zinarudi zinawaka, na mwenyewe anazifungua kwa mkono.

Lililonishinda kabisa ni hili la kusugua majina. Kupunguza gharama nakuelewa. Ila chipu hutoka kwa aliyeiunda ikiwa na jina mgongoni, na baadhi yenu mnamlipa mtu alifute ili wapinzani wasinakili saketi. Hapo gharama hamkuipunguza, mmeiongeza! Na wapinzani wenu, kwa sifa ninazozisikia za soko la elektroniki la Huaqiangbei huko Shenzhen, hawazuiwi na msasa. Anayezuiwa ni mimi, ambaye sina mpango wa kufungua kiwanda. Nataka tu kujua nitafute spea gani.

Kuna na jambo ambalo lisingewagharimu chochote. Kiwandani kila bodi hulazwa juu ya kitanda cha sindano, sindano zikagusa vidoti vya shaba, na mashine ikatamka nzima au mbovu. Vidoti hivyo bado vipo bodi inapofika mezani kwangu, vimekaa kimya. Wino mweupe mnao, na mmeshautumia kuchapa nembo ya kampuni pamoja na tarehe. Mngeandika tu kwamba hapa ni betri, hapa ni volti 5, hapa ni hasi, kazi ya saa nzima ingekuwa ya dakika kumi, na mteja angelipia dakika kumi.

Suala la plagi nitalipita haraka, maana linanitia aibu kwa niaba yenu. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, za Kiingereza. Mnatuletea pini mbili za mviringo kwa sababu waya wa aina moja hutosheleza nchi nyingi. Watu wanachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili vizuizi vya chini vifunguke. Watoto wanaona.

Sasa ombi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, umeagiza kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vidogo vinavyouzwa kwao ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ukiacha vifaa vichache vilivyosamehewa. Kwa hiyo ganda lenye mlango wa betri mtalichora, mpende msipende, na kalibu yake mtaichonga. Somo lenu wenyewe la kuzidisha linasema kalibu moja kwa masoko yote ni nafuu kuliko kalibu mbili. Tunaomba ile ya zamani, ya ganda lisilofunguka, isihifadhiwe kwa ajili ya makontena ya Mombasa na Dar es Salaam kwa kisingizio kwamba imeshalipiwa. Na kama hamna budi kuihifadhi, basi chapeni juu ya boksi bei ya taa hii pamoja na ya ile atakayoinunua baadaye, ili mteja ajumlishe mwenyewe akiwa bado dukani.

Wasalaam,
Fundi wenu wa taa na redio, Kariakoo.

Nakala: Wakaguzi wa viwango bandarini, kwa ombi kwamba nao wafungue ganda. Wakiweza.