Safi, Bosi

Ukitaka kumjua muuza lenzi za mtumba, msikilize anavyomtaja mmiliki wa kwanza. Daima ni Mzungu, na daima Mzungu huyo alikuwa haitumii. Nami, nikiwa zangu Kilwa Masoko, nikauziwa lenzi ya Mzungu wa namna hiyo: milimita 50, kutoka Dar es Salaam, hela ikatangulia kwa simu, mzigo ukafuata kwa basi. "Safi, bosi. Ni kivumbi kidogo tu."

Nikaimulika kwa tochi. Kivumbi kilikuwa na mizizi! Kuvu imetanda ndani ya kioo kama utando wa buibui, na kuvu hupenda joto na unyevu, kwa hiyo mimi nilikuwa nimeilipia nauli ije kwao. Nilipompigia, bwana yule akasema imeotea huku huku Kilwa. Basi lilikuwa limefika saa mbili tu zilizopita. Hata mchicha hauoti hivyo.

Nikavuka nayo kwenda Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, likatoka limegubikwa na ukungu, saa sita mchana, jua la utosi. UNESCO iliyatoa magofu yale kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Lenzi yangu imeyarudisha.

Harusini, lakini, mama wa bibi harusi alinishukuru mno: uso wa binti yake haukuwa na chunusi hata moja.

Sasa naiuza. Ni safi. Ilikuwa ya mpigapicha mmoja wa Kilwa, hakuitumia sana.